Tandiko Chotara, na Jinsi ya Kuijua Asili Yake

(Somo hili lilisomwa redioni katika vipindi vya Elimu ya Watu Wazima. Hapa limechapwa kama lilivyosemwa, kwa faida ya vikundi vya wasikilizaji.)

Natumaini wenye vikundi mmekwisha kukaa, na kila kikundi kina daftari lake na kalamu. Somo letu la leo ni la historia, lakini hatutaanza na mfalme wala na vita. Tutaanza na kitu cha ngozi na mbao ambacho mtu hukifunga juu ya mgongo wa farasi, nacho ni tandiko.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni barua. Msikilizaji wetu mmoja ana ndugu yake anayefanya kazi ya kutunza farasi huko Texas, Marekani. Huyo ndugu ameonyeshwa tandiko linalouzwa. Mwenye kuuza amemwambia kwamba ni tandiko la kale la Australia, la kabla ya mwaka 1900, na kwa hiyo bei yake ni kubwa, karibu ujira wake wa miezi miwili. Yeye analitamani, maana amechoka kuazima tandiko la tajiri kila asubuhi. Hata hivyo ana wasiwasi, kwa kuwa umbo lake hajapata kuliona. Mbele limefanana na matandiko ya kwao Texas, katikati limefanana na jingine kabisa. Amepiga picha sita, akazituma nyumbani, na nduguye akaniletea mimi akiuliza: “Mwalimu, tandiko hili ni la wapi, na ni la lini?”

Mimi si fundi wa ngozi, wala si mpanda farasi hodari. Nilipanda mara moja tu nilipokuwa mwanafunzi, na siku ya pili yake sikuweza kukaa kitini. Lakini swali la “hiki ni cha wapi, na ni cha lini” ndilo swali la kila siku la mtu asomaye historia, awe ameshika hati au gae la chungu. Basi tulijibu pamoja, hatua kwa hatua, na mwisho tumpelekee jibu yule ndugu kabla hajatoa fedha zake.

Kwanza tuyajue maneno. Neno “tandiko” ni letu wenyewe, latokana na kutanda na kutandika. Lakini seruji, hatamu, lijamu na rikabu ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, yakaja pwani yetu pamoja na vyombo vyenyewe. Kwa hiyo hata katika lugha mtu aweza kuona kwamba vyombo vya farasi hupenda kuchanganyika. Sehemu zenyewe ni hizi. Ndani kabisa kuna kiunzi, yaani mifupa ya tandiko, nacho ni cha mbao au chuma. Juu yake kuna kiti cha ngozi. Mbele kuna ukingo, na nyuma kuna ukingo mwingine ulioinuka. Chini ya tumbo la farasi hupita mshipi. Miguu ya mpandaji huingia katika rikabu, ambazo wengine huziita vikuku.

Sasa picha. Tandiko hili lina kiti kilichozama sana, na ukingo wa nyuma ulio mrefu. Mbele ya mapaja ya mpandaji kuna vizuizi viwili vya ngozi iliyojazwa, vimetokeza kama masikio. Rikabu hazining’inii katika ukanda mwembamba, bali katika bawa pana la ngozi linalofunika mguu. Na juu ya ukingo wa mbele, katikati, imesimama pembe fupi. Lipinduwe tandiko hilo, kama alivyofanya katika picha ya tano, na chini utaona magodoro mawili yaliyojazwa sufu, kila upande wa uti wa mgongo moja.

Mtu asiyejua atatazama pembe kwanza, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mimi nawashauri mtazame chini kwanza. Chini ndiko kabila la tandiko lilikoandikwa, na muuzaji hapambi sehemu isiyoonekana. Tandiko la Kiingereza, na yote yaliyotokana nalo, hukaa juu ya magodoro yaliyojazwa sufu au manyoya. Tandiko la wachunga ng’ombe wa Marekani halina magodoro. Lina mbao mbili pana zilizolala sambamba na uti wa mgongo, zimefunikwa chini kwa ngozi ya kondoo yenye manyoya yake, na blanketi nene huwekwa kati yake na farasi. Kwa hiyo tandiko letu, pamoja na pembe yake yote, kwa upande wa mama ni la ukoo wa Kiingereza. Hapo tayari tumejua jambo moja kubwa: si tandiko la Texas lililopotea njia.

Je, pembe ilitoka wapi? Hapa yatupasa kwenda mbali kidogo. Mwaka 711 majeshi ya Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini, wengi wao Waberberi, walivuka bahari wakaingia Hispania. Walikuwa na namna yao ya kupanda farasi, rikabu fupi na magoti yamekunjwa, nao Wahispania wakaiiga. Neno la Kihispania la mpanda farasi, jinete, hudhaniwa na wataalamu kuwa limetoka katika jina la Wazenata, kabila moja la Waberberi. Basi Afrika ina sehemu yake katika habari hii, wala si sehemu ndogo. Mwaka 1519 Hernán Cortés alifika Mexico na farasi wapatao kumi na sita, na muda si mrefu wakaletwa ng’ombe. Nchi ilikuwa pana, ng’ombe wakazaana wakawa wa mwitu nusu. Sheria ya Wahispania ilikataza wenyeji Wahindi kupanda farasi, lakini nani atakayewakusanya ng’ombe maelfu kwa miguu? Wamisionari na wenye mashamba wakawafundisha wenyeji hao hao, na kwao na kwa machotara ikazaliwa kazi ya vaquero, mchunga ng’ombe wa farasini.

Vaquero alifanya kazi kwa kamba ya kitanzi. Hapo kwanza wako waliofunga kamba kwenye mkia wa farasi, jambo la kumhurumia farasi. Baadaye mafundi wa Mexico wakainua ukingo wa mbele wa tandiko, wakaufanya pembe imara iliyotokana na kiunzi chenyewe, ili mtu akisha kumnasa ng’ombe azungushe kamba hapo na uzito wote ubebwe na tandiko. Amri yake kwa Kihispania ni “dale vuelta”, yaani izungushe, na Wamarekani wakaisikia vibaya wakaifanya “dally”. Kazi hiyo ni ya hatari. Kidole gumba kikinaswa kati ya kamba na pembe hukatika, na mpaka leo wako wanaoshindana kurusha kamba wasio na gumba. Watu wa Texas wao walipenda kuifunga kamba kabisa kwenye pembe, na kwa hiyo wakatumia mishipi miwili, wa mbele na wa nyuma, tandiko lisiinuke nyuma ng’ombe anapovuta. Wa California walizungusha tu kamba ndefu, wakatosheka na mshipi mmoja wa katikati. Mwaona basi, hata idadi ya mishipi yaweza kukuambia babu wa tandiko alifanya kazi nchi gani na kwa kamba ya namna gani. Mbegu hiyo hiyo ilivuka bahari mpaka Hawaii, ambako vaquero kutoka California waliitwa katika miaka ya 1830 kuwafundisha wenyeji, na wenyeji wakatengeneza tandiko lao wenyewe.

Haya, na Australia? Ng’ombe na farasi wa kwanza waliofika huko mwaka 1788 pamoja na wafungwa wa Kiingereza walikuwa wamenunuliwa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa bara letu, katika safari ya mwaka 1787. Ng’ombe wachache hao walitoroka mwaka ule ule, wakapotea porini, nao walionekana tena mwaka 1795 wakiwa kundi. Lakini matandiko yalikuwa ya Kiingereza, yale mepesi ya kuwindia. Katika milima na vichaka vya Australia, na juu ya farasi wenye tabia ya kuruka-ruka, tandiko la kuwindia lilimtupa mtu. Hivyo mafundi wa huko wakaanza kulirekebisha: kiti kikazamishwa, ukingo wa nyuma ukainuliwa, na mbele ya mapaja vikashonwa vizuizi ili mtu akiteremka mlimani asitoke kwa mbele. Mwanzoni mwa karne ya 20 fundi mmoja wa Roma, katika Queensland, jina lake Jack Wieneke, alitengeneza umbo lililopendwa sana na wachungaji, nalo likachukua jina lake. Wengine wakaliiga na kuliongeza.

Lakini pembe hawakuiweka. Kwa nini? Kwa kuwa hawakuwa na kazi nayo. Mchungaji wa Australia alimwendesha ng’ombe kwa mjeledi mrefu na kwa mbwa, akamtia zizini. Katika nchi za kaskazini zisizo na mazizi, walipotaka kumtia ndama alama, farasi mmoja mwenye nguvu alivalishwa lijamu na mikanda mizito ya kifuani, akamvuta ndama kwa kamba mpaka kwenye vizuizi vya magogo. Uzito ulivutwa kwa kifua cha farasi, haukuvutwa kwa tandiko. Basi ukiona pembe juu ya tandiko la Australia, ujue mambo mawili: ama mtu wa Australia amejifunza kazi ya kigeni, ama fundi amemfikiria mnunuzi wa nchi nyingine.

Yale mabawa mapana ya ngozi yana habari yake pia. Hayo ni ya Kimarekani, humkinga mpandaji na jasho la farasi na miiba. Wachungaji wa kaskazini mwa Australia, wanaoshinda farasini kutwa, waliyapenda, na mafundi wa huko wakayaunganisha na tandiko lao la magodoro. Tandiko la namna hiyo, mabawa ya Kimarekani juu ya mwili wa Australia, na mara nyingi bila pembe, wao wenyewe huliita kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni “chotara”. Mimi jina hilo silipendi sana, maana katika nchi ile lilitumika pia juu ya watoto wa watu, na watoto hao walinyang’anywa mama zao na serikali kwa miaka mingi ya karne ya 20. Lakini ndilo jina lake, na mtafutaji lazima alijue.

Tena msifikiri kwamba waliokalia matandiko hayo ni wazungu peke yao. Katika mashamba makubwa ya ng’ombe ya kaskazini, kazi ya farasini ilifanywa kwa sehemu kubwa na wenyeji weusi wa Australia. Walisifiwa kwa ustadi wao, na ujira wao ulikuwa mdogo sana kuliko wa mzungu, pengine ni unga, chai na nyama tu. Mwezi wa Agosti 1966, watu wapatao 200 wa kabila la Wagurindji, wakiongozwa na Vincent Lingiari, waliacha kazi katika shamba la Wave Hill lililokuwa la kampuni ya Kiingereza, wakaondoka kwa miguu. Kwanza dunia ilidhani ni habari ya mishahara, kumbe walitaka ardhi yao. Walikaa katika mgomo huo miaka mingi, mpaka mwaka 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alipommiminia Lingiari mchanga mkononi kuwa dalili ya kumrudishia nchi. Muuzaji anapotaja “tandiko la kale la Australia”, hukumbusha picha ya mzungu mwenye kofia pana. Picha hiyo ni nusu ya habari.

Turudi sasa kwa tandiko letu. Lina magodoro: ukoo wa Kiingereza. Lina vizuizi vya mapaja: Australia. Lina mabawa: chotara wa kaskazini. Lina pembe: limemfikiria Mmarekani. Umbo limekwisha kusema lake, nalo tayari linamkanusha muuzaji, kwa sababu viungo hivi vyote havikukutana pamoja kabla ya mwaka 1900. Hata hivyo mtu asihukumu kwa umbo peke yake. Tutazame vitu vidogo.

Katika picha ya sita, ngozi imeinuliwa, na parafujo zinaonekana. Vichwa vyake vina alama ya msalaba, si mfereji mmoja. Parafujo za msalaba ziliandikiwa hati za Henry Phillips huko Marekani mwaka 1936. Kabla ya hapo fundi hakuwa nazo. “Lakini,” mtaniambia, “labda ni parafujo za matengenezo ya baadaye!” Mmesema vema, na mwanafunzi anayeuliza hivyo ndiye nimtakaye. Parafujo moja haithibitishi kitu, yaweza kuwa imeng’oka ikabadilishwa. Lakini hapa zote zinazoonekana, za pembe na za mabawa, ni za namna moja na ukubwa mmoja, na ngozi iliyozizunguka haina tundu lingine la zamani. Hizo ni parafujo za kuzaliwa nazo.

Pili, pete za mishipi zinang’aa bila kutu, na yule ndugu anasema hazikupakwa kitu. Kama ni chuma kisichoshika kutu, chuma hicho kilianza kutengenezwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Tatu, uzi. Huu hauwezi kujulikana kwa picha, lakini waweza kujulikana kwa kiberiti. Aombe ruhusa ya muuzaji, atafute ncha ya uzi iliyolegea, aikate kidogo, aichome mbali na tandiko. Uzi wa kitani au pamba utaungua uwe majivu. Uzi wa nailoni utayeyuka ufanye kitone kigumu. Nailoni ilitangazwa kwa watu mwaka 1938.

Nne, mihuri. Fundi wa zamani alipenda jina lake. Matandiko mazuri ya Cheyenne na ya Visalia huko Marekani yana muhuri wa fundi na mji wake, na ya Australia vivyo hivyo. Tena kuna muhuri wa sheria. Tangu mwaka 1891 bidhaa za kigeni zilizoingia Marekani zilipaswa kuandikwa jina la nchi zilikotoka. Na kumbukeni kwamba Australia haikuwa nchi moja mpaka mwaka 1901. Tandiko la mwaka 1895 lingetajwa kuwa la Queensland au la New South Wales. Picha hizi hazionyeshi muhuri wowote, lakini hakuna picha ya chini ya mabawa, karibu na chuma cha rikabu, na huko ndiko mihuri hujificha.

Ningependa sana kuona mahali hapo, kwa sababu yaweza kuandikwa nchi ya tatu ambayo muuzaji hakuitaja hata kidogo, nayo ni India. Farasi wa New South Wales waliuzwa kwa majeshi ya India katika karne ya 19 kwa wingi mno, hata wakaitwa kwa jina la nchi yao, Waler. Katika mji wa Kanpur serikali ya Kiingereza ilianzisha kiwanda cha matandiko ya jeshi katika miaka ya 1860, ngozi zikilainishwa kwa magome ya mti wa babul, ambao ni ndugu wa migunga yetu. Majeshi ya farasi yakaisha, mafundi wakabaki, na Kanpur mpaka leo hupeleka matandiko nchi nyingi, ya kila umbo atakalo mnunuzi. Mwaka 1982 ilionyeshwa filamu ya Australia iitwayo The Man from Snowy River, juu ya wapanda farasi wa milimani. Katika miaka hiyo ya 1980 Wamarekani wapendao safari ndefu za farasini walianza kuyataka matandiko ya Australia. Wengi walitaka pembe pia, maana mkono wao umezoea kuishika. Wakatengenezewa, mengine Australia, mengine India kwa bei nafuu.

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu yule ni hili. Tandiko halikutengenezwa kabla ya mwaka 1900. Kwa parafujo zake halitangulii mwaka 1936, na kwa mchanganyiko wa viungo vyake naelekea kusema ni la miaka ya 1980 au baadaye, kwa soko la Marekani. Fundi wake aweza kuwa wa Queensland, aweza kuwa wa Kanpur. Wala si tandiko baya kwa sababu hiyo! Fundi wa Kanpur aweza kushona vizuri kuliko jina lolote kubwa. Lakini asilipe bei ya kitu cha kale. Alipe bei ya tandiko la kazi lililotumika, na hata hiyo baada ya kulijaribu.

Kulijaribu ni hivi. Alifunge juu ya farasi atakayempanda, si farasi mwingine, ampande muda wa saa moja, kisha alivue atazame jasho. Jasho likienea sawasawa chini ya magodoro, vema. Akiona mahali pakavu katikati ya jasho, hapo kiunzi kinabana, na baadaye patatoka nywele nyeupe au kidonda. Wasikilizaji wetu wa Lamu wanaojua mgongo wa punda aliyefungwa soji mbaya hawahitaji maelezo zaidi.

Na neno moja la mwisho ambalo ni kubwa kuliko fedha. Pembe ile, kwa kadiri nionavyo katika picha ya sita, haikuchongwa pamoja na kiunzi. Imefungwa kwa parafujo juu ya bamba la chuma. Ni ya kushikia mkono tu. Yeye hufanya kazi Texas, na siku moja mwenzake atamtupia kamba yenye ng’ombe upande wa pili na kumwambia azungushe. Asizungushe. Pembe hiyo itang’oka, na huenda mpandaji akaenda nayo.

Basi alitazame chini ya mabawa, auchome uzi, ampande farasi saa moja, kisha aniandikie. Barua yake nitaisoma hapa hapa siku itakapofika. Vikundi, juma lijalo leteni kitu kimoja cha kale kutoka nyumbani, kiwe cha chuma, ngozi au mti, nanyi mtazame chini yake kabla ya kutazama juu. Kwaherini.